Kwa Niaba ya Daktari

Barua ya kongamano ilipofika, fundi wa maabara alikuwa mbele ya sinki, mikono imezama kwenye povu mpaka viwikoni, anaosha chupa. Kuosha chupa ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya miaka ishirini na miwili nyuma. Baadaye aliongezewa nyingine kumi, za kupima unyevu wa nafaka, kuhesabu wadudu, kurekebisha mizani na kuwabembeleza wanafunzi waliovunja vyombo, lakini wakati huo wanafunzi walikuwa wamekwisha kumbandika jina la Mzee Chupa, na jina likibandikwa chuoni halibanduki. Hakulichukia. Wapo walioitwa vibaya zaidi. Bosi wake, Daktari, yaani daktari wa shahada si wa sindano, bingwa wa wadudu wanaobungua maharage ghalani, walimwita Bibi Fukusi. Siku alipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, vitabu vikamporomoka mapajani.

Kicheko kile kilikuwa kikivuka kuta tatu. Sasa hakikuwepo tena. Miezi saba nyuma alikutwa na uvimbe kooni, akapasuliwa, na alipotoka wodini alitoka bila sauti. Si kwamba sauti ilikwaruza au ilififia. Wapasuaji walikiondoa kisanduku chenyewe cha sauti, kwa sababu bila hivyo wangemwondoa yeye. Tangu hapo alipumua kwa tundu lililo chini ya shingo, akalifunika kwa kitambaa cheupe chepesi, na aliongea kwa kuandika kwenye daftari dogo alilolining'iniza kifuani kwa kamba, kama mtoto wa chekechea na kadi yake.

Asubuhi hiyo aligonga meza mara mbili, ndiyo namna yake mpya ya kumwita mtu, akageuza kompyuta ili fundi aione.

Fundi akafuta mikono, akasoma. Ilikuwa barua ya katibu wa kongamano la watafiti wa hifadhi ya nafaka, linalofanyika mara moja kila miaka minne, na ambalo Daktari hakuwahi kulikosa tangu akiwa mwanafunzi. Makala yake ilikuwa imekubaliwa. Lakini hospitali ilikuwa imemkataza kusafiri kwa ndege, naye alikuwa amewaandikia kuwauliza afanyeje. Bibi katibu alijibu kwa upole. Kwa wasioweza kufika, alisema, kuna njia tatu. Mtu anaweza kuwasilisha moja kwa moja kwa video, akiwa popote alipo. Au arekodi wasilisho lake mapema, lisizidi dakika kumi na tano, halafu siku yenyewe awepo mtandaoni kujibu maswali. Au amwachie mwandishi mwenza awasilishe kwa niaba yake, ukumbini au kwa video. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja kwa wino mzito: asiye mwandishi wa makala haruhusiwi kuiwasilisha.

Daktari akaandika kwenye daftari: "Mbili za kwanza zinataka mdomo."

Fundi akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Akaandika tena: "Utawasilisha wewe."

"Mimi?" Fundi akacheka kidogo, akidhani ni utani. "Daktari, mimi si mwandishi. Wameandika hapo kwa wino mzito kabisa."

Daktari alimtazama kwa muda. Kisha akaandika polepole, kalamu ikikwama mahali: "Nitaliweka jina lako."

Fundi alirudi kwenye sinki. Aliosha chupa moja, akaisuuza, akaiosha tena ilhali ilikuwa safi.

Kilichomchoma kilikuwa na miaka kumi na moja. Enzi hizo maabara ilikuwa na rafu ndefu yenye chupa mia mbili za maharage, kila moja imetiwa fukusi wa kuhesabika, ili kupima dawa ipi inawaua. Kila asubuhi fundi alifuta vumbi kwenye rafu. Mkono wake ulifika rafu ya chini na ya kati. Ya juu hakuifikia, naye hakuwa mtu wa kupanda viti. Kila alipofuta aliiinua chupa, akaigeuza asome lebo, akairudisha. Mwezi wa tatu akagundua kwamba chupa za juu maharage yake yalikuwa yamekuwa unga na matundu, na za chini, hata zisizotiwa dawa yoyote, zilikuwa karibu nzima. Akahesabu. Akahesabu tena wiki iliyofuata, asije akawa amekosea. Ndipo akamwendea Daktari akamwambia: "Nadhani hawa wadudu hawapendi kugeuzwageuzwa."

Daktari alicheka kile kicheko chake. "Nani anapenda?" akamwambia, akaendelea na kazi.

Lakini wiki mbili baadaye alirudi peke yake mbele ya rafu, akasimama hapo karibu saa nzima. Kilichofuata ni miaka ya majaribio, na matokeo yake yalikuwa mazuri kuliko dawa zote. Buu wa fukusi akishatoka kwenye yai huchukua karibu siku nzima kutoboa punje aingie ndani. Ukiigeuza chupa kabla hajamaliza, anaanguka, anaanza upya mahali pengine, na nguvu alizonazo ni za kuanza mara moja tu. Geuza gunia asubuhi, geuza jioni, basi. Hakuna sumu, hakuna cha kununua. Makala ya kwanza ilitoka ikiwa na jina moja juu, la Daktari. Mwishoni, kwa herufi ndogo, palikuwa na shukrani kwa mkuu wa idara, kwa mlinzi wa ghala, na kwa fundi wa maabara "kwa kudumisha usafi". Makala nne zilifuata. Usafi ukaendelea kudumishwa.

Fundi hakusema kitu. Alimpenda bosi wake. Mtoto wake wa kwanza alipolazwa, Daktari ndiye aliyekesha naye hospitalini. Tena angeanzaje? Mtu hawezi kuingia ofisini kwa mwenzake akaanza kudai kwamba jicho lililoona lilikuwa lake yeye.

Jioni alimweleza mkewe habari za barua. Mkewe alikuwa mshonaji, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Alisimamisha cherehani, pini tatu zikiwa mdomoni, akazitoa moja moja.

"Kwa hiyo jina lako limeonekana siku walipoishiwa mdomo."

"Mama watoto, mtu anaumwa yule."

"Najua anaumwa. Si mimi niliyemshonea vile vitambaa vya shingoni? Namwonea huruma, Mungu shahidi. Lakini huruma ni huruma na haki ni haki, usivikoroge kwenye sufuria moja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wewe miaka yote hii umenyongwa, na haki hujapewa."

"Basi nikatae?"

"Mimi sijasema ukatae." Akarudisha pini mdomoni. "Muulize tu."

"Nimuulize nini?"

Lakini pini zilikuwa zimekwisha rudi, na cherehani ikaanza kulia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Fundi alikwenda nyumbani kwa Daktari akiwa amekwisha kupanga maneno ya kukataa. Mlango ulifunguliwa na mdogo wake Daktari, aliyehamia hapo tangu dada yake apasuliwe, mwanamke mnene mwenye haraka, aliyezoea kuongea kwa ajili ya watu wawili.

"Karibu kaka. Yupo ndani, ameamka na hiyo karatasi yenu tangu alfajiri, uji haunywi, dawa hataki, mwambie wewe labda atakusikia."

Daktari alikuwa mezani, karatasi zimetapakaa. Alikuwa amekwisha kuandika hotuba nzima kwa herufi kubwa, amepigia mistari mahali pa kupumua. Kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya kichwa cha makala, palikuwa na majina mawili. Fundi aliliona lake. Liliandikwa sawasawa, hata lile jina la babu yake ambalo watu wa mishahara hulikosea kila mwaka. Maneno yote ya kukataa yakamtoka kichwani, likabaki swali moja.

"Daktari, nikuulize kitu. Kama koo lako lingekuwa zima, jina langu lingekuwa hapa?"

Mdogo mtu akachukua bakuli la uji, akaondoka nalo jikoni.

Daktari aliinama juu ya daftari. Aliandika mistari miwili, akaikata. Akaandika mingine, ikawa mirefu, akaisoma, akaikata nayo. Akaichana karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni. Kwenye karatasi mpya aliandika neno moja, akamgeuzia fundi alione.

"Sijui."

Fundi alilitazama neno lile kwa muda mrefu. Angeandika "ndiyo", angejua kuwa anadanganywa. Angeandika "hapana", angevaa kofia yake akaondoka. Lakini "sijui" ilikuwa imetoka mahali panapouma, na mtu mwenye kuumwa vile hawezi kuongezewa.

"Haya," akasema. "Nifundishe pa kuanzia."

Walifanya mazoezi wiki mbili, kila siku baada ya kazi. Daktari alimwongoza kwa penseli mezani: kugonga mara moja ni punguza mwendo, mara mbili ni simama, mara tatu ni rudia na uache kunung'unika. Shida kubwa ilikuwa jina la kitaalamu la mdudu, la Kilatini, refu kama treni ya mizigo. Fundi alilikamata kichwa, mkia ukamponyoka, akalikamata mkia, tumbo likakatika.

"Hivi mdudu mwenyewe analijua?" akauliza siku moja kwa hasira. "Ukimwita hivi ataitika?"

Daktari alianza kucheka. Hapakuwa na sauti, mabega tu yaliruka, na hewa ikapiga mluzi mwembamba kwenye lile tundu chini ya kitambaa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na fundi naye akacheka. Kisha wote wawili wakanyamaza kwa pamoja, kwa sababu wote walikuwa wamesikia kicheko hicho kilivyobaki.

Bibi katibu aliwapigia kwa video ili kujaribu mtandao. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, mvumilivu, mwenye kurudia jambo bila kukereka. Aliwakumbusha kwamba saa za ukumbini ziko mbele kwa saa mbili, kwa hiyo saa sita ya kule ni saa nne asubuhi kwao, na wasije wakafanya kama bwana mmoja wa kongamano lililopita aliyejitokeza na tai yake wakati watu wanafagia ukumbi. Akaeleza kwamba wawasilishaji wa mbali watangoja kwanza kwenye chumba chao cha mtandaoni, wataingizwa ukumbini zamu ikifika, na zamu ikiisha watarudishwa chumbani humo. Daktari, kwa kuwa haongei, ataandika majibu yake, na mwenyekiti wa kikao atayasoma kwa sauti.

"Mnaweza pia kurekodi, mkatutumia, tukaicheza siku hiyo," alisema. "Ni salama zaidi. Umeme ukikatika huko kwenu hakuna kitakachoharibika."

Daktari alikwisha kuandika kabla hajamaliza. Fundi akamsomea: "Anasema hapana. Anasema video haiulizwi ikajibu, na maswali ndiyo kongamano lenyewe."

Siku nne kabla ya kongamano, mdogo mtu alimpigia fundi simu kazini, na kwa mara ya kwanza alikuwa na maneno machache. Daktari alishindwa kupumua asubuhi hiyo. Wamemlaza. Ule ugonjwa waliodhani wameukata kooni ulikuwa umeshuka kifuani siku nyingi, na madaktari wameacha kutaja miezi.

Fundi alimkuta kitandani, amewekewa mrija wa hewa kwenye lile tundu, mikono yake myembamba juu ya shuka.

"Nimwandikie bibi katibu tujitoe?" akamuuliza. "Wataelewa, Daktari. Hakuna atakayelaumu."

Penseli iligonga ukingo wa chuma wa kitanda. Mara tatu.

Asubuhi ya siku yenyewe fundi alivaa shati jipya. Mkewe alilishona bila kuambiwa, akaliweka juu ya kiti bila neno, na alipokuwa akitoka alimrekebisha kola akasema, "Usikimbie. Ukiogopa huwa unakimbia." Fundi alijifungia kwenye ofisi ndogo ya maabara, akabandika mlangoni karatasi ya kuwaomba watu wasigonge, akafungua kompyuta. Kwenye kile chumba cha kungojea alikuta jina la Daktari limekwisha kuingia, bila picha. Kule wodini mdogo wake alikuwa amemshikia simu mbele ya uso. Ujumbe ukatokea: "Nipo. Pumua."

Saa nne na dakika tano waliingizwa ukumbini. Fundi aliona safu za viti, vichwa vingi, na mwenyekiti wa kikao mwenye sauti nzito aliyeeleza kwamba mwandishi mkuu ni mgonjwa na kwamba mwenzake atawasilisha kwa niaba yake. Fundi alianza. Mistari miwili ya kwanza alikimbia. Kisha akahisi kama anasikia penseli inagonga, akapunguza. Alieleza habari za buu na punje, akaonyesha picha za maharage ya rafu mbalimbali, akaeleza habari za wakulima mia tatu waliogeuza magunia yao kwa miaka mitatu. Jina la Kilatini alilipita salama, kichwa, tumbo na mkia. Alimaliza dakika ya kumi na nne. Watu wakapiga makofi, na baadhi yao walikuwa wanaandika.

Mzee mmoja safu ya mbele akapewa kipaza sauti.

"Nimependa sana," alisema. "Nina swali dogo tu. Sisi wote humu kwa miaka arobaini tumetafuta dawa. Nyinyi mlifikaje kwenye kugeuza? Nani aliliona hili kwanza, na aliona nini hasa?"

Fundi alisikia maji yakidondoka kwenye sinki upande wa pili wa ukuta.

"Mwandishi mkuu yuko nasi mtandaoni," akasema mwenyekiti. "Naona anaandika. Tumpe nafasi."

Kwenye skrini, kando ya jina la Daktari, palikuwa na alama ndogo ya kuonyesha kwamba mtu anaandika. Watu walingoja. Alama ikapotea, ikarudi. Mtu akakohoa. Ikapotea tena. Fundi alijua anavyoandika: kwa vidole viwili, na kila neno anapumzika. Dakika nzima ikapita, na dakika ukumbini ni ndefu.

"Muda wetu ni mdogo," mwenyekiti akasema kwa upole. "Labda mwandishi mwenza atatusaidia."

Kwa miaka kumi na moja fundi alikuwa na jibu la swali lile. Alikuwa amelipanga akiosha chupa, akitembea, akilala. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Sasa alikuwa anaulizwa na ukumbi mzima, na jibu lilikuwa mdomoni, fupi kabisa. Lakini akilini alimwona yule mwanamke kitandani, mrija shingoni, simu mbele ya uso, akisikia mbele ya watu aliosoma nao kwamba kitu kilichomjengea jina hakikuwa chake. Ulimi ukageuka wenyewe.

"Ni Daktari," akasema. "Yeye ana jicho la kuona tunachokipita wengine. Aliona kwamba chupa zilizokuwa zikiguswa kila siku wakati wa usafi hazibunguliwi. Sisi wengine tungefuta vumbi tukaondoka."

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Makofi yakapigwa, mwenyekiti akamtakia mgonjwa nafuu, akamwita mtu mwingine. Picha ya ukumbi ikazimika, na fundi akajikuta amerudishwa kwenye kile chumba cha kungojea, peke yake na jina la Daktari.

Hapo ndipo ujumbe ulipofika.

"Ni yeye aliyeona. Alikuwa anafuta rafu. Aliponiambia nilicheka. Baadaye nikaandika kana kwamba niliona mimi, na kila mwaka ilizidi kuwa vigumu kusema. Naomba iandikwe hivyo."

Fundi aliusoma mara ya kwanza haraka na mara ya pili herufi kwa herufi. Akaandika kwa mwenyekiti, hakujibiwa, kikao kilikuwa kinaendelea. Akafunga kompyuta, akaufungua mlango, akatoka mbio na lile shati jipya mpaka hospitalini, mtu mzima wa miaka hamsini na sita.

Mdogo mtu alikuwa mlangoni mwa wodi.

"Kaka, mtandao wa humu ni laana tupu," akamwambia. "Tulisikia swali vizuri, halafu sauti ikakatika, ikawa kimya mpaka mwisho. Yeye hata hakujali, anaandika tu. Nikamwambia nikusaidie kuandika, akanipiga kofi mkononi."

Kumbe hakusikia. Fundi alisimama hapo kidogo kabla ya kuingia.

Daktari alikuwa macho. Uso wake ulikuwa umelowa jasho kama mtu aliyebeba mzigo kilimani. Akavuta daftari.

"Waliusoma?"

Fundi alikaa kwenye kiti cha bati kando ya kitanda. Hakuwa mwongo kwa tabia. Hata chupa ikivunjika mikononi mwake aliandika mwenyewe kwenye kitabu.

"Waliusoma," akasema. "Mwenyekiti aliusoma kwa sauti, wote."

"Wakasemaje?"

"Walinyamaza kwanza. Halafu wakapiga makofi sana. Kuna mzee mmoja wa mbele alisimama."

Daktari alifumba macho. Kifua kilipanda kikashuka mara nyingi. Fundi alidhani amelala, lakini mkono ulitafuta penseli, ukaandika bila macho kuangalia, herufi zikapandana: "Nimechelewa."

"Hujachelewa, Daktari," fundi akasema, akamshika mkono. "Umewahi kabisa."

Alifariki siku ya tatu, asubuhi, mdogo wake akiwa amekwenda kufua vitambaa vya shingoni. Kwenye mazishi mkuu wa idara alitoa hotuba ndefu kuhusu mwanamke aliyeitazama rafu ya chupa akaona ambacho ulimwengu haukukiona. Watu waliitikia kwa kuugua. Fundi alisimama nyuma, akiwa amebeba viti viwili vilivyokuwa havina mahali pa kuwekwa, na hakuviweka chini mpaka hotuba ilipokwisha.

Siku hiyo ndipo alipomwambia mkewe yote, na kumwonyesha ujumbe, kwa kuwa alikuwa ameuhamishia kwenye simu yake. Mkewe aliusoma amesimama, halafu akatafuta mahali pa kukaa. Fundi alidhani atasema, unaona, nilikwambia. Hakusema. Alilia kwa muda, akijifutia kipande cha kitambaa cha mteja, kisha akasema: "Sasa ulimwambia ujumbe umesomwa."

"Nilimwambia."

"Basi hakikisha umesomwa. Usimwache maiti na uongo wako."

Fundi alimwandikia bibi katibu. Alinakili ujumbe ule kama ulivyo, akaeleza ulivyochelewa, akaeleza hata alichojibu yeye ukumbini. Akauliza kama unaweza kuchapishwa kwenye kitabu cha kongamano, japo kwa mistari miwili chini ya makala.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Bibi katibu alimpa pole. Alisema amelipeleka suala kwenye kamati, na kamati imesikitika. Mazungumzo ya chumba cha kungojea si sehemu ya kumbukumbu za kongamano. Tena makala hurekebishwa kwa idhini ya mwandishi mkuu peke yake, na mwandishi mkuu hayupo tena wa kutoa idhini. Makala itatoka kama ilivyo, na majina mawili. Kisha palikuwa na aya nyingine, isiyo na lugha ya kamati: "Hili ni langu binafsi. Nimeusoma ujumbe ule kwa sauti hapa ofisini, kwa wenzangu. Tulikuwa watu watano."

Fundi alikuwa maabara alipoisoma. Mwalimu mpya aliyeletwa kushika nafasi ya Daktari alikuwa kwenye meza iliyokuwa ya Daktari, kijana mpole, anapanga vitabu vyake. Jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye sakafu. Fundi aliinuka kwa furaha ya ghafla, simu mkononi, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ile meza, mdomo umekwisha kufunguka aseme, Daktari, wamesoma, watu watano.

Mwalimu mpya akainua macho. "Ndiyo, mzee? Unasemaje?"

"Hakuna kitu," fundi akasema. "Endelea tu, mwalimu."

Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, na hapo ndipo alipolia. Wanafunzi walipita wakishuka, wakamkwepa kwa heshima, mmoja mmoja, mpaka kengele ya kipindi ikalia na ngazi zikabaki tupu.